Uziwi wa Nyundo

Mwaka 1886 daktari wa masikio wa mjini Glasgow, Thomas Barr, alifanya utafiti uliohitaji saa ya mfukoni na subira nyingi. Aliwaita wanaume mia tatu wa mji huo, akawa anaisogeza ile saa mbali na sikio la kila mmoja na kuandika ni umbali gani mlio wake ulikoma kusikika. Wanaume mia moja walikuwa waunda boila. Mia nyingine walikuwa wasubu chuma, watu wanaoyeyusha chuma na kukimimina kwenye kalibu. Mia ya mwisho walikuwa wapeleka barua.

Uchaguzi huo ulikuwa na akili. Mpeleka barua wa Glasgow alitembea kutwa nzima kwenye mvua na upepo wa Uskoti, kwa hiyo kama uziwi ungekuwa unaletwa na baridi, yeye angekuwa wa kwanza kuupata. Msubu chuma alikuwa mtu wa kiwandani, mwenye moshi, joto na chakula kilekile cha mfanyakazi, ila kazi yake haikuwa na kishindo kikubwa. Muunda boila alikuwa na hayo yote, na juu yake nyundo.

Matokeo hayakuhitaji mtaalamu wa takwimu. Katika waunda boila mia moja, hakuna hata mmoja aliyeonekana kuwa na usikivu mzima. Barr aliwauliza pia swali ambalo mfanyakazi yeyote angelielewa: ukienda kwenye mkutano wa hadhara, unamsikia msemaji? Robo tatu ya waunda boila walisema hawamsikii kabisa au wanamsikia kwa tabu. Kwa wasubu chuma waliosema hivyo walikuwa 12 katika mia, na kwa wapeleka barua 8. Mji ni mmoja, hali ya hewa ni moja, na tofauti ilikuwa kazi.

Ili kuelewa kwa nini, inafaa kujua boila lilivyotengenezwa kabla ya mashine za kuchomelea. Lilikuwa pipa kubwa la mabamba mazito ya chuma yaliyoshonwa kwa ribiti. Ribiti ilipashwa moto hadi ikawa nyekundu, ikapenyezwa kwenye matundu ya mabamba mawili yaliyolaliana, kisha upande wa nje wapiga nyundo wakaigonga kwa zamu mpaka mkia wake ukafumuka na kuwa kichwa cha pili. Lakini ribiti ikigongwa bila kuzuiwa inarudi ilikotoka. Kwa hiyo ndani ya boila alijikunja mtu mwingine, ameshika chuma kizito na kuikandamiza ribiti kwa nguvu zote, huku kila pigo la nje likipita kwenye chuma hicho, mikononi mwake na masikioni mwake. Mlio haukuwa na pa kutokea. Ulizunguka ndani ya pipa pamoja naye, na kazi ya siku moja ilikuwa na ribiti nyingi sana.

Hawakuwa watu wachache. Karne ya 19 ilipokuwa inaelekea ukingoni, mto Clyde unaopita Glasgow ulikuwa miongoni mwa mahali palipotengeneza meli nyingi zaidi duniani, na kila meli ya mvuke ilitaka boila. Mitaa mizima iliishi kwa nyundo. Huko uziwi ulikuwa umezoeleka kiasi kwamba ulipewa jina la kazi yenyewe, na mtu aliyesema anaumwa ugonjwa wa waunda boila hakuulizwa zaidi.

Barr hakuwa wa kwanza kuona jambo hili. Daktari wa Kiitalia Bernardino Ramazzini, ambaye kitabu chake juu ya magonjwa ya wafanyakazi kilitoka Modena mwaka 1700 na kuongezwa sura mwaka 1713, aliwaandika wafua shaba wa Venice. Walikuwa wamekusanyika katika mtaa wao, wakigonga shaba asubuhi mpaka jioni, na yeye akaona kwamba masikio yao huumia kwanza, kisha wakizeeka wanakuwa viziwi kabisa. Mwaka 1831 daktari wa Kiingereza, John Fosbroke, akaeleza kwamba uziwi wa wahunzi hauji ghafla, unaingia polepole kwa miaka. Kilichokuwa kipya kwa Barr ni hesabu na ulinganisho. Kabla yake mtu angeweza kusema kwamba fulani amekuwa kiziwi kwa sababu ya umri, au ukoo, au Mungu alivyopenda. Baada ya wapeleka barua wale mia moja, maneno hayo yalihitaji ushahidi.

Wakati huohuo wanasayansi walikuwa wanaingia ndani zaidi, kwenye mfupa wenyewe. Sikio la ndani limefichwa katika sehemu ya fuvu ambayo ni miongoni mwa mifupa migumu kabisa mwilini, na kwa muda mrefu hakuna aliyejua vizuri kilichomo. Mwaka 1851 Alfonso Corti, Mwitalia aliyetumia hadubini kwa ustadi mkubwa, alieleza utando mwembamba ndani ya mfereji uliojipinda kama kombe la konokono, na juu ya utando huo safu za seli ndogo zenye vinywele. Sauti inapofika, majimaji ya mfereji yanatikisika, vinywele vinainama, na seli inapeleka habari kwenye mshipa wa fahamu. Kila sikio la binadamu lina seli za namna hiyo zipatazo 15,000 tu. Mwaka 1890 Johann Habermann wa Prague alichunguza sikio la mzee aliyefanya kazi ya chuma maishani mwake na kukuta pengo: mwanzoni mwa ule mfereji, seli zilikuwa zimekufa.

Mahali pa pengo hilo ni muhimu. Mwanzo wa mfereji ndio unaopokea sauti nyembamba, na kelele za viwandani huanza kuua seli za hapo, karibu na mtetemo wa hezi 4,000. Sauti nzito hubaki karibu kama zilivyokuwa. Ndiyo maana muunda boila alisikia ngurumo ya radi na mlango ukifungwa, lakini akipewa maneno yaliyojaa konsonanti alipotea. Irabu zetu ni nzito na zinabeba sauti ya neno, ila konsonanti kama f, s, t na ch ni nyembamba, na ndizo zinazotenganisha funga na tunga na chunga. Mgonjwa wa aina hii anajua kwamba watu wanazungumza. Hajui wanasema nini.

Hapo ndipo ugonjwa unapoingia nyumbani. Mke anamwita mara mbili, mara ya tatu anapaza sauti, na mume anaruka: mbona unanipigia kelele? Kwa kweli inamuumiza, kwa sababu sikio lililopoteza seli zake hushindwa kusikia sauti ndogo na bado huudhiwa na sauti kubwa kama zamani au zaidi. Usiku kukiwa kimya masikio yanavuma yenyewe. Ndugu wanaanza kusema mzee ana kiburi, au anasikia anapotaka. Naye, akichoka kuuliza "umesemaje?", anajiondoa barazani. Takwimu za Barr kuhusu mikutano ya hadhara zilikuwa zinaeleza jambo hilihili kwa namna ya ugenini: robo tatu ya wanaume wa kazi moja walikuwa wametengwa na mahubiri, siasa na vikao vya chama chao cha wafanyakazi.

Seli hizo zikifa hazioti tena. Kwa binadamu na wanyama wengine wanyonyeshao, hiyo ndiyo hali. Lakini mwaka 1988 watafiti wa Marekani walitangaza kwamba kuku aliyeharibiwa masikio kwa kelele huotesha seli mpya ndani ya wiki chache na kusikia tena. Tangu hapo maabara nyingi zimekuwa zikimchunguza kuku ili kujua siri yake, na mpaka sasa hajamfundisha mtu.

Kwa hiyo mwishoni mwa karne ya 19 yalikuwa yanajulikana mambo matatu: kazi gani inaleta uziwi, sehemu gani ya sikio inakufa, na kwamba hakuna dawa. Mtu angetarajia hatua zichukuliwe upesi. Hazikuchukuliwa, na sababu zake zinafaa kukaliwa kitako, kwa kuwa hazikuwa za kitabibu.

Ya kwanza ilikuwa fahari. Uziwi ulikuwa alama ya ufundi. Kijana aliyeanza kazi na kuziba masikio kwa pamba alionekana mlaini, na zaidi ya hayo pamba yenyewe husaidia kidogo sana. Ya pili ilikuwa mapato. Wapiga ribiti walilipwa kwa hesabu ya ribiti, na kikundi kilifanya kazi kama mwili mmoja. Aliyesita aliwapunguzia wenzake mkate. Ya tatu, na nzito kuliko zote, ilikuwa namna sheria ilivyoelewa jeraha. Sheria za fidia zilizoenea Ulaya na Marekani mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 zilikuwa zinafidia mshahara uliopotea. Aliyekatwa mkono alishindwa kazi, akalipwa. Kiziwi alirudi kazini kesho yake na kugonga kama kawaida, pengine vizuri zaidi maana kelele hazikumsumbua tena. Amepoteza nini basi?

Swali hilo lilijibiwa mahakamani. Mwaka 1948 mahakama ya rufaa ya New York ilikubali kwamba mfanyakazi wa kiwanda cha kufua vyuma kwa nyundo za mashine anastahili kulipwa kwa kupoteza usikivu hata kama hajapoteza siku moja ya mshahara. Mwaka 1953 mahakama ya juu ya Wisconsin ikafuata njia hiyo. Waajiri na kampuni za bima walishtuka, kwa sababu kila karakana ya nchi ilikuwa imejaa madai yaliyokuwa yamelala, na ghafla fedha za kupima kelele na masikio zikapatikana. Mtu asiyeamini kwamba sayansi husogezwa na hofu ya kulipa na asome historia ya miaka hiyo.

Uingereza, nchi ya Barr mwenyewe, ilikawia zaidi. Serikali ilitoa kijitabu cha kuwaonya waajiri kuhusu kelele mwaka 1963. Kesi ya kwanza iliyompa mfanyakazi fidia ya uziwi kwa uzembe wa mwajiri iliamuliwa mwaka 1971. Mwaka 1975, miaka 89 baada ya saa ya mfukoni ya Glasgow, uziwi uliingizwa katika orodha rasmi ya magonjwa ya kazi. Hata hapo mdai alitakiwa awe amefanya kazi chache zilizotajwa kwa muda wa miaka 20, na awe amepoteza usikivu mwingi katika masikio yote mawili. Mwaka 1984, katika kesi ya wafanyakazi wa viwanda vya meli vya Tyneside, jaji aliamua kwamba waajiri wanawajibika kwa madhara ya kuanzia 1963, mwaka wa kile kijitabu. Walioziwika kabla ya hapo walihesabiwa kuwa bahati mbaya ya zama zao. Barr angeisoma hukumu hiyo kwa mshangao.

Nyundo nazo zilikuwa zimesafiri. Meli za maziwa yetu makuu nyingi zilitengenezwa Ulaya, zikafungwa kwa boliti za muda, zikapewa namba kila bamba, zikafunguliwa na kusafirishwa vipande. Ribiti zilipigwa huku. Inayojulikana kuliko zote ni Graf von Götzen, ambayo Watanzania wanaijua kwa jina lake la tangu 1927, Liemba. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa Dar es Salaam katika masanduku yapatayo 5,000, ikapanda reli ya kati, na ikazinduliwa Kigoma Februari 1915, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiwa vimeshaanza. Waliosimamia kazi walikuwa mafundi watatu kutoka Papenburg, na majina yao yamehifadhiwa. Walioigonga walikuwa mafundi wa Kihindi na vibarua Waafrika. Kwa watu hao hakuna daktari aliyekuja na saa mfukoni. Tunajua tani za meli, tunajua njia iliyopita kila sanduku, na masikio ya waliojikunja ndani ya tumbo lake la chuma hayakuandikwa popote katika simulizi zinazosomwa leo.

Kama kelele huziwisha, je, mahali pasipo na kelele wazee husikia namna gani? Swali hilo lilimpeleka Samuel Rosen, mpasuaji wa masikio wa New York, hadi kusini mashariki mwa Sudan ya wakati huo, karibu na mpaka wa Ethiopia. Rosen alikuwa tayari na jina. Mwaka 1952 alikuwa amegundua upya namna ya kumrudishia usikivu mtu ambaye vijifupa vya sikio lake la kati vimeganda. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 yeye na wenzake, wakiwemo madaktari kutoka Misri na Sudan, walifunga safari kwa Wamabaan, jamii ya wakulima na wavuvi walioishi katika vijiji vya nyasi, wakila mtama, samaki na matunda ya porini. Hawakuwa na bunduki. Hata ngoma, kwa taarifa ya watafiti, hawakupiga. Walikuwa na kinanda cha nyuzi na nyimbo. Mbali na milio ya mifugo, wadudu na sherehe za mara chache, kijiji kilikaa chini ya desibeli 40 muda mwingi wa siku.

Ripoti ilitoka mwaka 1962 na kusomwa sana. Wazee wa Kimabaan walisikia sauti nyembamba kuliko Wamarekani wa mijini wa rika lao, na kwa tofauti kubwa. Vilevile presha ya damu haikupanda kwa umri kama inavyopanda kwingine, na magonjwa ya mishipa ya moyo yalikuwa haba. Rosen akaanza kushuku kwamba kelele peke yake haitoshi kuwa maelezo. Sikio la ndani linalishwa na mshipa mmoja mwembamba wa damu usio na msaidizi, na mshipa ukijaa mafuta seli zenye vinywele zinakosa hewa. Baadaye alikwenda Finland kulinganisha wagonjwa wa hospitali mbili waliokuwa wakilishwa mafuta ya aina tofauti, na akaona kwamba waliokula mafuta mepesi walisikia vizuri zaidi.

Wakosoaji walikuwa na hoja, na baadhi ni nzito. Wamabaan hawakuwa na vyeti vya kuzaliwa, hivyo umri wa kila mzee ulikuwa makisio. Jamii ndogo inayooana yenyewe kwa yenyewe inaweza kuwa na urithi wake wa masikio. Na anayefika uzeeni kijijini bila hospitali huenda ni yule aliyekuwa imara tangu mwanzo. Utafiti wa Rosen hauwezi kutumiwa kama kipimo kamili cha sikio lisiloguswa na dunia. Hata hivyo ulifanya jambo ambalo Barr hakuweza: uliondoa imani kwamba kila mzee lazima awe mgumu wa kusikia, na ukaonyesha kwamba kile ambacho wakazi wa mijini walikiita uzee kilikuwa kwa sehemu kubwa jumla ya vyakula, magari na mitambo.

Maban ya leo ni wilaya ya Sudan Kusini, nchi mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2016. Kuanzia mwishoni mwa 2011 ilipokea wakimbizi zaidi ya laki moja kutoka jimbo la Blue Nile, waliokimbia mabomu ya ndege. Kambi za Doro, Yusuf Batil, Gendrassa na Kaya zimekaa kwenye ardhi ambayo Rosen aliipima kwa kipima sauti akaikuta haina kelele.

Kelele si adui pekee wa sikio la ndani, na kwa Afrika Mashariki pengine si wa zamani kuliko wote. Kila aliyewahi kumeza kwinini kwa siku saba anajua masikio yanavyovuma. Kwinini ilienezwa kwa nguvu na serikali ya kikoloni ya Kijerumani: Robert Koch alikuwa Dar es Salaam mwaka 1897 na 1898 akichunguza malaria na homa ya mkojo mweusi, na kuanzia 1901 ilianza kampeni ya kuwapima wakazi wa mji damu na kuwapa kwinini waliokutwa na vimelea. Bahati nzuri uvumi wa kwinini kwa kawaida hupita dawa ikiisha mwilini.

Streptomaisini haisamehi hivyo. Iligunduliwa mwaka 1943 na Albert Schatz katika maabara ya Selman Waksman huko New Jersey, na ikawa dawa ya kwanza kuua vimelea vya kifua kikuu ndani ya mgonjwa. Kufikia 1945 madaktari waliokuwa wakiijaribu katika kliniki ya Mayo walikuwa wameshaona kwamba wagonjwa wanapona mapafu na kuanza kupepesuka. Dawa ilikuwa inaingia kwenye sikio la ndani na kuua seli zenye vinywele, kwanza zile za mizani ya mwili, kwa wengine na za kusikia. Nchi tajiri zilipopata dawa nyingine zilipunguza sindano hiyo. Afrika Mashariki iliendelea nayo kwa miongo mingi, na majaribio makubwa yaliyofanywa Kenya, Uganda na Tanzania kwa ushirikiano na Waingereza, ambayo ripoti yake ya kwanza ilitoka 1972, yalithibitisha kwamba kifua kikuu kinaweza kutibiwa kwa miezi sita, sindano ya streptomaisini ikiwemo. Yaliokoa watu wasiohesabika. Gharama yake kwa masikio ilibebwa na waliokuwa maskini vya kutosha kuugua kifua kikuu.

Hali ilijirudia kwa kifua kikuu sugu. Hospitali ya Kibong'oto, mkoani Kilimanjaro, iliyoanzishwa mwaka 1926 kwa ajili ya wagonjwa wa kifua kikuu, ilianza kuwatibu wenye vimelea sugu mwaka 2009. Dawa ya kutegemewa wakati huo ilikuwa sindano ya kila siku kwa miezi, kanamaisini au amikasini, ndugu za streptomaisini. Mgonjwa aliwekwa kwenye mizani isiyo na upande mzuri: uhai upande huu, usikivu upande ule. Mwaka 2018 na 2019 Shirika la Afya Duniani lilibadilisha mwongozo wake na kuiondoa kanamaisini, nafasi ikachukuliwa na vidonge vikiwemo bedakwilini. Hapo uziwi wa maelfu ya watu ulizuiwa bila daktari wa masikio kugusa kitu, kwa kubadilisha orodha ya dawa na kushusha bei.

Ni vizuri iwe hivyo, maana madaktari hao ni wachache mno. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021 ilikadiria kwamba watu bilioni moja na nusu duniani wana upungufu wa kusikia wa namna fulani, na milioni 430 kati yao wanahitaji msaada. Karibu asilimia 80 ya hao wenye mahitaji wanaishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Katika nchi za kipato cha chini, asilimia 78 hivi zina chini ya daktari mmoja wa masikio, pua na koo kwa kila watu milioni. Chanjo imefanya kazi zaidi ya kisu: rubela ikimpata mama mjamzito inaweza kuharibu sikio la ndani la mtoto kabla hajazaliwa, na chanjo yake iliingizwa katika ratiba ya watoto Tanzania mwaka 2014 na Kenya mwaka 2016.

Nyundo, hata hivyo, bado ziko. Ukishuka Kamukunji, Nairobi, karibu na Gikomba, unaisikia kazi kabla ya kuiona. Mafundi wa jua kali wananyoosha madumu ya mafuta na mabati chakavu, wanakata, wanapinda, wanagonga: majiko, makarai, wilbaro, na yale masanduku ya bati ambayo vizazi vya wanafunzi wa bweni vimeyabeba. Ufundi huu una nasaba. Sehemu yake ilitoka karakana za reli, ambayo ilifika Nairobi mwaka 1899, na sehemu kwa mafundi wa Kihindi waliowafundisha wasaidizi wao Waafrika, jambo ambalo mtafiti Kenneth King alilifuatilia kwa makini katika miaka ya 1970. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya 1972 iliwafanya wataalamu wa uchumi waiangalie sekta hii isiyo rasmi kwa heshima mpya, na katikati ya miaka ya 1980 Rais Moi alifika Kamukunji mwenyewe. Baada ya hapo mafundi wakajengewa mabanda.

Banda la mabati ni neema wakati wa mvua. Kwa sikio ni jambo jingine, kwani mlio ambao zamani ulipotelea hewani sasa unagonga paa na kurudi. Fundi mmoja akipumzika kunywa chai, majirani zake wa kushoto na kulia wanaendelea, na kelele za wale zinamfikia kama za kwake mwenyewe.

Sheria ipo. Kanuni za Kenya za kuzuia kelele kazini zilitolewa mwaka 2005: mfanyakazi asikae kwenye desibeli zaidi ya 90 kwa saa nane katika siku, na kishindo cha ghafla kisivuke 140. Tanzania iliridhia mwaka 1983 mkataba wa kimataifa wa 1977 kuhusu hewa chafu, kelele na mtetemo mahali pa kazi, na ina sheria yake ya usalama na afya kazini ya mwaka 2003. Kiwango cha 90 chenyewe kina mjadala. Nchi nyingi zimeteremka hadi 85, na tofauti ya desibeli tano inaonekana ndogo kwa asiyejua kwamba kipimo hiki hakihesabiwi kama shilingi. Nguvu ya sauti inayoingia sikioni kwenye 90 ni zaidi ya mara tatu ya ile ya 85.

Lakini tatizo la Kamukunji limetangulia namba hizo. Kanuni zinamwambia mwajiri apime kelele, aweke vizuizi, atoe vifaa vya kuziba masikio na kuwapeleka wafanyakazi kupimwa. Sheria ya Kenya ya fidia ya ajali na magonjwa ya kazini ya 2007 inamtambua mwajiriwa. Mfuko wa fidia wa Tanzania, ulioanza kazi 2015, unachangiwa na waajiri. Fundi wa jua kali amekodi nafasi ya hatua chache, nyundo ni yake, bati amelinunua kwa mkopo wa wiki, na kijana anayemsaidia ni mpwa wake anayejifunza. Akiziwika, sehemu kubwa ya kelele iliyomziwisha imetoka kwa jirani ambaye naye hana mwajiri. Vizibo vya masikio vinauzwa mjini kwa bei ambayo anaweza kuimudu, ila akiviweka hamsikii mteja anayeuliza bei ya sanduku, na mteja asiyejibiwa anahamia banda la pili.

Mafundi wamejitafutia njia. Bei hutajwa kwa vidole, na aliyezoea Kamukunji anajua kumgusa fundi begani kabla ya kuanza kuzungumza.